Jinsi ya kulinganisha jamii za leo kisosholojia: mwongozo kamili kutoka swali hadi ripoti

Kazi nyingi za kulinganisha jamii huharibika mapema, takwimu zikiwa bado hazijaguswa. Mtu huchagua nchi mbili, huokota asilimia mbili mtandaoni, huziweka bega kwa bega, kisha huieleza tofauti kwa neno moja: utamaduni. Hapo hakuna kilichoelezwa. Émile Durkheim, mmoja wa waasisi wa sosholojia, aliandika mwaka 1895 kwamba sosholojia linganishi si tawi la sosholojia bali ndiyo sosholojia yenyewe, nami naamini alikuwa sahihi. Jamii haiwekwi maabara ikabadilishwa jambo moja ili tuone kitakachotokea. Tukitaka kujua sababu, inatubidi tutafute mahali ambapo mambo yalikwenda vingine, tuulize kwa nini.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mkubwa: utunzaji wa wazee wasiojiweza nchini Ujerumani na Japani. Nimeuchagua kwa sababu unafichua karibu mitego yote ya kazi hii. Hatua zenyewe zinafaa pia kwa elimu, ndoa, dini, uhamiaji, ajira au imani ya watu kwa serikali yao.

Hatua ya 1: Tafuta fumbo

"Utunzaji wa wazee Ujerumani na Japani" ni mada tu. Unaweza kuiandikia kurasa mia bila kujibu lolote. Kinachotakiwa ni fumbo, yaani jambo ambalo kwa hali ya kawaida usingelitarajia.

Tazama hili. Nchi zote mbili zimezeeka: wenye umri wa miaka 65 na zaidi ni kama asilimia 29 ya watu wa Japani na kama asilimia 22 ya watu wa Ujerumani. Zote zilianzisha bima ya lazima ya utunzaji wa muda mrefu, Ujerumani mwaka 1995, Japani mwaka 2000. Lakini Mjerumani aliyethibitishwa kuwa anahitaji kutunzwa anaweza kuchagua fedha taslimu, akampa binti au mume anayemhudumia nyumbani, na wengi huchagua hivyo. Mjapani hapewi fedha. Hupewa huduma: mhudumu anayekuja nyumbani, kituo cha kushinda mchana, nafasi katika makao ya wazee.

Anayeegemea utamaduni angetabiri kinyume chake. Angesema Japani, inayosifiwa kwa kuheshimu wazee ndani ya ukoo, ndiyo ingeilipa familia. Kumbe wakati mpango wa Japani ukijadiliwa, makundi ya wanawake yalipinga malipo ya fedha yakihofia kwamba yangemfunga mke wa mtoto wa kiume katika kazi ileile ya kumwogesha na kumlisha mkwe, sasa ikiwa na kisingizio kwamba analipwa. Hapo umepata swali: ni mazingira gani yaliyofanya hoja hiyo ishinde Japani na isishinde Ujerumani, na nani anabeba mzigo wa kutunza katika kila mpango?

Kabla hujaenda mbele, andika angalau nadharia tete mbili zinazopingana, yaani majibu ya awali utakayoyapima kwa ushahidi. Moja inaweza kusema Ujerumani ilipenda fedha kwa sababu ni nafuu kwa mfuko wa bima, kwani kiwango cha fedha ni kidogo kuliko thamani ya huduma. Nyingine ikasema kilichoamua ni nguvu ya makundi yaliyokaa mezani wakati sheria inatungwa. Ukiwa na moja tu utaikuta kila mahali utakapotazama.

Hatua ya 2: Amua unalinganisha nini hasa

Usidhani jamii na nchi ni kitu kimoja. Nchi ni rahisi kulinganisha kwa sababu takwimu hukusanywa kwa nchi, lakini urahisi huo usikuamulie. Huko Japani bima ya utunzaji huendeshwa na manispaa, na michango ya wazee hutofautiana kutoka manispaa moja hadi nyingine. Kwa maswali fulani, kizio sahihi cha kulinganisha ni manispaa. Ujerumani nayo iliishi miaka 40 ikiwa mataifa mawili yenye sera tofauti kabisa za kazi za wanawake, kwa hiyo wastani wa kitaifa unaweza kukuficha mashariki na magharibi ndani ya namba moja.

Wakati mwingine mpaka wenyewe ndio unaofundisha. Daniel Posner, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, aliwatazama Wachewa na Watumbuka wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Malawi na Zambia. Ni watu walewale, lugha zilezile, mila zilezile. Upande wa Malawi walitazamana kama wapinzani. Upande wa Zambia kama washirika. Kama tofauti za kimila zingekuwa sababu, pande zote zingefanana. Maelezo yake yalikuwa ya kisiasa: ndani ya Malawi kila kundi ni kubwa kiasi cha kutosha kuwa mtaji wa kura, lakini ndani ya Zambia yote mawili ni madogo na hufaidika yakisimama pamoja kama watu wa Mashariki. Nakusihi uurudie mfano huu kila unapotaka kuandika kwamba makundi fulani hayapatani kwa sababu ya tofauti zao za asili.

Hatua ya 3: Chagua jamii kwa sababu unayoweza kuitetea

Kuna mikakati miwili ya zamani, iliyopangwa vizuri na mwanafalsafa John Stuart Mill mwaka 1843. Wa kwanza: chukua jamii zinazofanana kwa mengi lakini matokeo yakatofautiana, kisha saka kile kichache kisichofanana. Mfano wetu ni wa aina hiyo: nchi mbili tajiri, zilizozeeka, zenye bima ya lazima. Edward Miguel naye alifanya hivyo alipolinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Upande wa Kenya, maeneo yenye makabila mengi yalichangia shule kidogo zaidi. Upande wa Tanzania pengo hilo halikuonekana kwa kiwango hicho, naye akalihusisha na sera za kujenga taifa.

Mkakati wa pili ni kuchukua jamii zisizofanana lakini matokeo yakawa mamoja, ukatafuta kinachoziunganisha. Theda Skocpol aliitumia mikakati yote miwili mwaka 1979 kwa mapinduzi ya Ufaransa, Urusi na China, akizipima dhidi ya nchi ambazo hazikupinduka.

Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo watu huisahau. Ukichagua tu nchi zenye matokeo unayoyachunguza, huwezi kujua kama sababu uliyoiona haipo pia kule ambako matokeo hayo hayakutokea. Ukitaka kueleza kwa nini vijana huandamana, chunguza na mahali ambapo vijana wenye hali hiyohiyo wametulia.

Kuhusu idadi, jamii mbili hukupa kina, na mia moja hukupa mwelekeo wa jumla. Katikati, tuseme kati ya kumi na hamsini, ipo mbinu aliyoieneza Charles Ragin tangu mwaka 1987, ya kuandaa jedwali la masharti yaliyopo na yasiyopo katika kila jamii na kutazama ni mchanganyiko gani wa masharti huambatana na matokeo. Kwa anayeanza, ningeshauri mbili au tatu.

Hatua ya 4: Hakikisha vipimo vinapima kitu kimoja

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ningekutaka utumie muda mwingi kuliko popote.

Chukua neno la kawaida kama "mwenye ajira". Kwa kanuni za kimataifa za takwimu za kazi, aliyefanya kazi ya malipo au faida hata saa moja katika wiki inayoulizwa huhesabiwa kuwa na ajira. Mwaka 2013, mkutano wa 19 wa wanatakwimu wa kazi duniani uliamua kwamba anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha familia yake anafanya kazi, lakini hahesabiwi katika ajira. Nchi zilihamia kanuni hiyo kwa nyakati tofauti. Ukilinganisha nchi iliyohama na isiyohama, unaweza kutangaza kwamba ajira zimeporomoka mahali ambapo watu waliamka asubuhi wakaenda mashambani mwao kama jana.

"Kaya" nayo ni hivyohivyo. Sensa nyingine huhesabu wote wanaoishi katika makazi mamoja kuwa kaya moja. Nyingine hudai wawe wanashirikiana chakula na mahitaji. Ndugu wawili wanaoishi nyumba moja lakini kila mmoja anajipikia ni kaya moja kwa kipimo cha kwanza, kaya mbili kwa cha pili.

Sasa rudi kwenye mfano wetu, maana una somo kali zaidi. Desemba 2015 Ujerumani ilikuwa na watu kama milioni 2.9 waliosajiliwa kuwa wanahitaji kutunzwa. Desemba 2017 walikuwa kama milioni 3.4, na Desemba 2019 kama milioni 4.1. Je, jamii ilidhoofika ghafla? Sehemu kubwa ya jibu iko katika sheria. Hadi mwisho wa 2016 mtu alipimwa zaidi kwa dakika za msaada wa mwili anazohitaji kwa siku: kuoga, kula, kuvaa, kutembea. Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau ambaye mwili wake bado una nguvu alipata alama ndogo, ingawa hawezi kuachwa peke yake hata kwa saa moja. Kuanzia 2017 kipimo kikawa kiwango cha mtu kujitegemea, akili na tabia vikihesabiwa pia, na madaraja yakawa matano badala ya matatu. Watu waliokuwa hawaonekani katika takwimu wakaonekana.

Ukiiweka namba hiyo kando ya ya Japani unaongeza tatizo jingine. Mfumo wa Japani una madaraja saba, na huwalenga wenye miaka 65 na zaidi, pamoja na wenye miaka 40 hadi 64 walio na magonjwa yanayoambatana na uzee. Wa Ujerumani hauna kikomo cha umri: mtoto mwenye ulemavu mkubwa yumo ndani ya hesabu. Kwa hiyo idadi ya "wanaotunzwa" ya nchi moja si ndugu wa idadi ya nchi nyingine mpaka uziweke katika rika moja la umri, na hata hapo unalinganisha maamuzi ya wakaguzi wa mifumo miwili, si afya ya wazee wenyewe.

Ufanye nini basi? Andaa jedwali lenye safu nne kwa kila kipimo: jina la kipimo, fasili yake katika jamii ya kwanza, fasili yake katika jamii ya pili, na mwaka ambao fasili ilibadilika mara ya mwisho. Lijaze kutoka kwenye maelezo ya kiufundi ya takwimu, wala si vichwa vya habari. Safu zikishindwa kukutana, una njia tatu: kukata data ili zikutane, kutafuta kipimo kingine kinachofanya kazi hiyohiyo katika kila jamii hata kama sura zake si moja, au kuacha kulinganisha jambo hilo na kuligeuza kuwa sehemu ya utafiti wako. Njia ya tatu mara nyingi ndiyo yenye utajiri. Namna dola inavyoamua nani anastahili kutunzwa ni sosholojia tosha.

Durkheim mwenyewe alikumbana na hili. Mwaka 1897 alilinganisha viwango vya kujiua baina ya Waprotestanti na Wakatoliki kwa takwimu rasmi. Miaka 70 baadaye Jack Douglas alihoji: cheti cha kifo huandikwa na afisa, kwa kusikiliza familia, na pale ambapo kujiua ni aibu kubwa zaidi, familia ina sababu zaidi ya kuficha. Tofauti inayoonekana kuwa ya vifo inaweza, angalau kwa sehemu, kuwa tofauti ya uandishi wa vifo.

Hatua ya 5: Kusanya data zilizopo kabla ya kuanzisha zako

Data nyingi nzuri za kulinganisha zipo tayari na hazilipiwi. Utafiti wa Maadili Duniani, World Values Survey, ulianza mwaka 1981 na huuliza kuhusu dini, familia, siasa na kuaminiana. Afrobarometer ilianza mwaka 1999 na huhoji watu 1,200 au 2,400 kwa kila nchi. Ulaya ina Eurobarometer. Tafiti za Demografia na Afya zilianza mwaka 1984 katika nchi zinazoendelea. Shirika la Kazi Duniani na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalojumuisha hasa nchi tajiri, hutoa takwimu zilizosawazishwa kwa kiasi fulani, na IPUMS huhifadhi sampuli za sensa za nchi nyingi zikiwa zimepangwa kwa misimbo inayolingana.

Pakua dodoso kabla ya data. Soma swali lilivyoulizwa katika kila lugha, mwezi gani, kabla au baada ya uchaguzi, na vijijini walifikiwa au la. Kisha angalia ukubwa wa sampuli. Ukiwa na watu 1,200 kila upande, na matokeo yakiwa karibu na nusu kwa nusu, pengo lisilofika takriban pointi nne za asilimia linaweza kuwa bahati tu, na kwa sampuli zilizochukuliwa kwa vishada, yaani kwa kuchagua kwanza maeneo kisha watu ndani yake, linahitajika kubwa zaidi. Asilimia 48 na asilimia 51 hazijakwambia kitu.

Hatua ya 6: Shuku majibu yanayojipima yenyewe

Maswali ya "umeridhika kiasi gani" au "una sauti kiasi gani serikalini" yana hatari yake. Kila mtu hujibu akijilinganisha na anachokijua. Mwaka 2004 Gary King na wenzake walichapisha matokeo ya China na Mexico. Ukisoma majibu yalivyo, Wamexico walijiona hawana sauti serikalini kuliko Wachina, ingawa mwaka 2000 walikuwa wameking'oa kwa kura chama kilichotawala kwa miongo. Watafiti wakawasomea wahojiwa visa vifupi vya kubuni kuhusu watu wenye viwango tofauti vya sauti, wakawataka wawapime kwa mizani ileile. Kumbe wahojiwa wa China walikuwa wakiyapa maneno "sauti kubwa" kizingiti cha chini. Majibu yaliposahihishwa, mpangilio uligeuka.

Ukitunga dodoso lako, weka visa viwili au vitatu vya namna hiyo kwa kila swali la kujipima. Pia uliza matendo. "Wiki iliyopita nani alimwogesha mama, mara ngapi?" linalinganishika kuliko "je, familia yenu huwajali wazee?"

Hatua ya 7: Nenda ukasikilize

Takwimu zitakwambia Wajerumani wengi huchukua fedha. Hazitakwambia fedha hiyo ikifika nyumbani huitwaje: mshahara, shukrani, au pesa ya matumizi ya mzee mwenyewe. Hilo hujulikana kwa mahojiano na kwa kukaa na watu.

Sharti la mahojiano linganishi ni mwongozo mmoja wa maswali kwa pande zote, wenye nafasi ya kufuata kisichotarajiwa. Chagua wahojiwa walio katika nafasi zinazolingana: ukimhoji binti anayetunza upande mmoja, usije ukamhoji mkuu wa makao ya wazee upande wa pili. Andika maelezo siku hiyohiyo, ukitenganisha ulichokiona na ulichokidhania. Mpe mhojiwa maelezo ya wazi ya kazi yako na haki ya kukataa, na uondoe utambulisho wake mapema. Katika kijiji kidogo, "mwalimu mstaafu mwenye mabinti watatu" tayari ni jina la mtu.

Jitahidi jamii usiyoizoea uifikie kwanza, kisha urudi kwenye uliyoizoea. Maswali utakayokuwa umejifunza kule yatakuonyesha mambo ya kwenu uliyokuwa ukiyapita bila kuyaona.

Hatua ya 8: Chambua ukilinda mipaka mitatu

Wa kwanza ni baina ya kundi na mtu. W. S. Robinson alionyesha mwaka 1950, kwa sensa ya Marekani ya 1930, kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na wasiojua kusoma wachache zaidi, ilhali mhamiaji mmoja mmoja alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kusoma. Hakuna mkanganyiko: wahamiaji walikuwa wamekaa katika majimbo ambayo wenyeji wake walisoma zaidi. Data ya jimbo haikuruhusu kusema lolote kuhusu mtu.

Wa pili ni wa wakati. Japani ilitoka asilimia 7 ya wazee mwaka 1970 hadi asilimia 14 mwaka 1994. Ujerumani ilichukua takriban miaka 40 kupita umbali huohuo. Ukizilinganisha kwa mwaka mmoja wa kalenda, unalinganisha jamii moja iliyozoea na nyingine iliyoshtukizwa. Mwaka 1980 takribani nusu ya kaya za Japani zenye wazee zilikuwa za vizazi vitatu. Kufikia 2019 zilikuwa chini ya sehemu moja ya kumi. Sheria ya utunzaji ilitungwa katikati ya mporomoko huo, na huwezi kuielewa kwa picha ya mwaka mmoja. Fanya mara mbili: linganisha mwaka uleule, kisha linganisha hatua ileile ya kuzeeka, uone kama hitimisho linabaki.

Wa tatu ni wa kujitegemea kwa jamii zenyewe. Mwanaanthropolojia Edward Tylor alipowasilisha ulinganisho wake wa mamia ya jamii mwishoni mwa miaka ya 1880, Francis Galton alimuuliza kama jamii hizo hazikuigana. Swali hilo halijazeeka. Waliobuni mpango wa Japani walikuwa wameuchunguza wa Ujerumani kwa makini; kukataa malipo ya fedha kulikuwa, kwa sehemu, jibu kwa kile walichokiona kule. Kwa hiyo usizihesabu kama ushahidi wa mara mbili. Chora ramani ya nani aliiga nini kutoka kwa nani, pamoja na himaya, dini, mashirika ya fedha na wahamiaji waliobeba mawazo hayo.

Hatua ya 9: Andika kwa hoja, si kwa nchi

Ripoti yenye sura ya Ujerumani, sura ya Japani, kisha kurasa mbili za "ulinganisho" humwachia msomaji kazi yako. Panga kwa hoja: nani hupima uhitaji, nani hupokea nini, nani hufanya kazi ya kutunza, nani alishinda mjadala wa sheria. Katika kila hoja jamii zote mbili ziwepo ukurasa mmoja.

Neno utamaduni liruhusu tu pale unapoweza kusema ni imani gani, inashikiliwa na akina nani, na inapitishwa kwa njia gani. Epuka kupanga jamii kama walioendelea na waliochelewa. Upangaji huo huingiza hukumu kabla ya ushahidi. Nadharia tete iliyoshindwa iandike pia, na ushahidi ulioishinda.

Jedwali la fasili ulilotengeneza katika hatua ya 4 liweke mbele, kabla ya takwimu ya kwanza, pamoja na tarehe ya kila data na idadi ya waliohojiwa. Kisha mpe rasimu mtu mmoja aliyekulia katika kila jamii, umwombe aweke alama kila sentensi ambayo majirani zake wasingeitambua. Alama hizo zifuatilie moja baada ya nyingine: nyingine zitakuwa aibu ya kawaida ya kujiona ukielezwa, na nyingine zitakuwa makosa ya kipimo ambayo takwimu peke yake isingeyafichua.